Mwongozo kamili: kupata mayai mazuri ya kambale hata msimu ukiwa umegoma

Baridi ikiingia swali ni lile lile. Mtu amechoma sindano majike wake wale wale, homoni ile ile, tangi lile lile, miezi ya joto alipata vifaranga mpaka akakosa pa kuwaweka, sasa hivi mayai yanatoka kiduchu, au yanatoka mengi tu halafu kesho yake yote meupe, au yanaanguliwa vizuri kabisa mtu anafurahi na siku ya nne vifaranga wote chali. Na karibu kila mtu dawa yake ya kwanza ni kuongeza dozi ya homoni.

Tuanzie hapo hapo maana ndo penye kosa. Homoni haitengenezi yai, inaliachia tu. Kambale kwenye maji ya asili anabeba mayai ambayo yameshajaa kiini, halafu anasubiri mvua, maji yapande yafunike nyasi, ndo atage. Muda wote huo wa kusubiri ubongo wake umekanyaga breki. Sindano inafanya kazi ya ile mvua, inaondoa breki. Sasa kama ndani hakuna mayai yaliyoiva, hata uchome mara tatu, utatoa breki kwenye gari lisilo na mafuta.

Yai lenyewe linajengwa wiki nyingi kabla. Ini la jike linatengeneza protini ya kiini, damu inaipeleka kwenye mayai, yai linakua taratibu. Maji yakipoa hiyo kazi inakuwa ya kinyonga, na yakipoa sana samaki anaacha kula na mwili unaanza kuyanyonya mayai urudishe chakula chake. Kwa hiyo ukitaka vifaranga kipindi kigumu unaanza kazi miezi 2 au 3 nyuma, sio siku ya sindano.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Themomita 2. Ziweke pamoja kwenye ndoo moja kwanza uone kama zinasema kitu kimoja.
- Tangi 2 za wazazi, la majike na la madume, zote na mfuniko mzito. Kambale anaruka, na akiruka usiku asubuhi unamkuta mlangoni.
- Hita yenye kidhibiti joto, au kama huna umeme wa uhakika, nailoni ya kufunika juu ya tangi kama kibanda.
- Pampu ya hewa.
- Mrija laini wa plastiki wenye upana wa kama milimita 2, wa kuchukulia sampuli ya mayai.
- Rula ya milimita na kisahani cheusi.
- Mizani inayosoma gramu moja moja, na nyingine ya kupima samaki mzima.
- Sirinji ndogo na homoni, angalia tarehe ya mwisho na ilivyotunzwa.
- Chumvi safi. Gramu 9 ndani ya lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Hii ni ya manii, tutafika.
- Mabakuli ya plastiki MAKAVU, unyoya msafi, taulo kadhaa, mkasi, kibano, kitambaa laini cha kuchujia.
- Trei za wavu wa matundu madogo za kutandazia mayai.
- Hadubini kama unaweza kuipata, hata ya bei ya chini, hata ya kuazima. Sio lazima ila inamaliza ubishi mwingi.
- Daftari.

## Hatua ya 1: Ujue msimu wako kwa namba

Usiniambie "kwangu kuna baridi kidogo". Pima maji alfajiri kabla jua halijatoka na upime tena saa 9 mchana, kila siku, wiki 2. Kinachoua mayai mara nyingi sio ule wastani bali usiku. Bwawa linaweza kusoma 27 mchana ukatabasamu, alfajiri liko 20.

Kwa kambale chukua hivi: nyuzi 25 mpaka 28 ni raha yake. Chini ya 22 ukuaji wa mayai unazorota sana na hata yale yaliyokuwepo yanaanza kurudi nyuma. Kupita 30 mambo yanakwenda haraka mno, mayai yanaiva na kuharibika upesi, na oksijeni inapungua majini.

Wenye samaki wengine wasinakili hizi namba. Trauti kwa mfano saa yake ni urefu wa mchana, ndo maana wanaomzalisha wanacheza na taa kusogeza msimu. Sato anataka joto, chini ya 22 anapunguza kutaga au anaacha kabisa. Kambale anafuata joto na mvua, na kwa wanaoishi karibu na ikweta ambako mchana haubadiliki sana, joto na maji ndo kila kitu, taa haina kazi kubwa.

## Hatua ya 2: Tenga wazazi miezi 3 kabla

Chagua majike wa mwaka 1 na kuendelea, uzito kilo 1 hivi ni mzuri kushika, wale wa kilo 3 wanatoa mayai mengi lakini kuwakamua ni mieleka. Dume pia awe amepita mwaka.

Watenganishe. Wakikaa pamoja wanaumizana, na wewe huwezi kulisha kila kundi kwa mahitaji yake.

Halafu kila mzazi awe na alama. Hapa wengi wanapiga chenga. Bila alama huwezi kujua jike yupi ulimkamua mwezi jana, na jike aliyekamuliwa anahitaji wiki 6 mpaka 8 kwenye maji ya joto ili ajaze tena, baridi zaidi ya hapo. Mimi niliwahi kumchoma jike yule yule mara mbili ndani ya wiki 4 bila kujua, nikapata kijiko cha majimaji yenye damu na jike akafa siku ya tatu. Kata kidogo pembe ya pezi (litaota tena, kwa hiyo rudia), au weka kitambulisho cha chini ya ngozi kama unacho.

Jambo lingine, usichukue dume na jike wa tumbo moja. Vifaranga wengi wenye mkia uliopinda wanasingiziwa baridi wakati ni ndugu wamezaa na ndugu.

## Hatua ya 3: Lisha kwa ajili ya mayai, sio kwa ajili ya kilo

Chakula cha kunenepesha kinamjaza jike mafuta tumboni, ukimpapasa unasema ana mayai, ukimkamua hupati kitu. Mzazi anataka protini nzuri, asilimia 35 mpaka 40, yenye dagaa au unga wa samaki ndani yake kwa sababu ya yale mafuta ya samaki ambayo kifaranga anayahitaji kujenga macho na ubongo. Vitamini C na E ni muhimu na zote zinaharibika chakula kikikaa sana kwenye joto au unyevu. Gunia lililokaa stoo miezi 6 usiwape wazazi, kawape wale wa kuuza.

Kiasi: asilimia 1 mpaka 2 ya uzito wa samaki kwa siku maji yakiwa ya joto. Maji yakishuka chini ya 22 punguza mpaka nusu au chini ya hapo, kwa sababu asichokula kinaoza na amonia (sumu inayotoka kwenye uchafu na kinyesi) inapanda, na amonia nayo inashusha ubora wa mayai kimya kimya. Angalia wanavyokula, sio kipimo cha jana.

Utaona tofauti baada ya kama mwezi na nusu: tumbo linajaa pande zote mbili, laini kama puto lenye maji, halijabana, na kile kijinyama cha uzazi karibu na tundu la haja kinavimba na kuwa chekundu kidogo.

## Hatua ya 4: Pandisha joto pole pole, halafu usilishushe

Kama wazazi wako wapo kwenye maji ya nyuzi 20 usiwatupe kwenye 28 leo jioni. Pandisha nyuzi 1 kwa siku mpaka ufike 26 au 27, kisha kaa hapo. Muda wa kukaa ni wiki 6 mpaka 8, kwa majike waliopigwa na baridi ndefu inaweza kufika 10.

Najua hapa ndo watu wanakata tamaa, umeme ni gharama. Lakini huhitaji kupasha bwawa zima. Majike 6 na madume 4 wanatosha kuendesha hachari ndogo (sehemu ya kutotolesha vifaranga), na hao wanakaa kwenye tangi mbili ndogo ndani ya chumba. Funika tangi usiku, zungushia maboksi au magunia makavu, jenga kibanda cha nailoni juu yake, joto la mchana litabaki. Afadhali nyuzi 25 zisizoyumba kuliko 28 mchana na 21 usiku.

Angalizo: joto likipanda samaki anakula zaidi na kuchafua zaidi, kwa hiyo badilisha maji mara nyingi zaidi, na maji mapya yawe na joto lile lile. Ndoo moja ya maji ya baridi uliyomwaga kwa haraka inaweza kuharibu kazi ya wiki nzima.

## Hatua ya 5: Pima mayai KABLA ya sindano

Hii ndo hatua ambayo ukiifanya vizuri nyingine zote zinakusamehe. Watu wanachoma sindano kwa kuangalia tumbo. Tumbo linadanganya, linaweza kuwa mafuta, linaweza kuwa chakula cha jana (msilishe siku moja kabla ya kupima), linaweza kuwa mayai ya zamani yaliyoanza kuoza ndani.

Mshike jike kwa taulo bichi, funika macho yake, atatulia. Ingiza mrija taratibu kwenye tundu la uzazi sentimita chache, vuta kidogo, toa. Kwa jike aliyeiva sana hata mrija hauhitajiki, ukikandamiza tumbo kidogo mayai machache yanatoka yenyewe. Weka kwenye kisahani cheusi na maji ya chumvi kidogo.

Sasa angalia vitu vitatu.

Ukubwa. Panga mayai 10 kwenye mstari kando ya rula. Yakifika milimita 10 au zaidi, maana yake kila yai lina kama milimita 1, huyo tayari. Yakiishia 7 au 8 mrudishe, hajafika, na hakuna homoni itakayomsogeza.

Usawa. Mayai yote yawe saizi moja. Ukiona makubwa kwa madogo yamechanganyika, jike bado anajenga, au kakatishwa na msimu katikati ya safari. Hii ya mchanganyiko ndo sura ya kawaida ya jike wa mwanzo wa baridi.

Rangi na umbo. Yai zuri lina rangi ya kahawia ya kijani, duara, linang'aa kidogo, linaachana na mwenzake. Likiwa na mabaka meupe, limebonyea, limepasuka, au sampuli imetoka na ute wa maji maji wenye harufu, hayo ni mayai yaliyokaa muda mrefu bila kutagwa na mwili umeanza kuyanyonya. Huyu anapatikana sana mwishoni mwa kipindi kirefu cha baridi au ukame, kwa sababu kambale kwenye tangi hatagi mwenyewe, anayabeba tu yale ya msimu uliopita. Usimchome. Mlishe, mweke kwenye joto, mpime tena baada ya wiki 6.

Kwenye majike 6 ukipata 2 wazuri kipindi cha baridi usilie, choma hao 2. Ukiwachoma wote 6 utapata vifaranga wale wale wa majike 2 na umewaumiza 4 bure.

## Hatua ya 6: Madume nao wana msimu

Huku watu hawaangalii kabisa. Dume wa kambale hakamuliwi kama sato au kapi, manii yake hayatoki kwa kumminya, inabidi umchinje utoe korodani, au mwenye ujuzi anamfanyia upasuaji mdogo achukue kipande na kumshona. Kwa kuwa unampasua, unaona kwa macho: korodani nzuri imejaa, nene, rangi ya maziwa mazito. Ya msimu mbaya ni nyembamba, kama imeanza kuonekana upande wa pili, ya kijivu. Hiyo ya kijivu weka pembeni, fungua dume mwingine.

Mkato wa kwanza uwe wa haraka, mpige kichwani azimie kabla, kumtesa hakukupi faida yoyote.

Pangusa damu na maji yote kwenye korodani. Manii yakigusana na maji yanaanza kuogelea, na yanaogelea kama dakika moja tu basi yamekwisha. Ndo maana kuna ile chumvi ya gramu 9 kwa lita, ndani yake manii yanalala bila kuamka. Kata kata korodani ndani ya chumvi hiyo, chuja kwa kitambaa. Ukiiweka kwenye friji (sio sehemu ya barafu) inakaa siku moja.

Mwenye hadubini: tone dogo la manii, ongeza tone la maji safi, angalia hapo hapo. Unataka uone vurugu, kila kitu kinakimbia. Ukiona wachache wanatikisika huku wengine wamelala, huyo dume sio.

## Hatua ya 7: Sindano na saa

Homoni za chupa kama Ovaprim kipimo cha kawaida ni mililita 0.5 kwa kilo 1 ya jike, fuata maelezo ya chupa yako. Wanaotumia tezi ya pituitari (ile ya chini ya ubongo) iliyokaushwa ya kapi wanaenda miligramu 3 mpaka 4 kwa kilo. Choma kwenye nyama ya mgongo, sindano imelala, sukuma polepole, kandamiza kwa kidole usije ukaacha dawa inarudi nje.

Baada ya hapo mwenye mamlaka ni joto la maji, na hapa wengi wa kipindi cha baridi wanakosea saa. Walizoea kukamua baada ya masaa 10, maji yamepoa, wanakamua muda ule ule, mayai hayajaachia, wanaminya kwa nguvu, damu. Shika hizi:

- Nyuzi 20: kama masaa 21
- Nyuzi 22: masaa 15 na nusu
- Nyuzi 24: masaa 12
- Nyuzi 25: masaa 11
- Nyuzi 26: masaa 10
- Nyuzi 28: masaa 8
- Nyuzi 30: masaa 7

Ukichoma saa 3 usiku kwenye maji ya 25, kamua saa 2 asubuhi. Ila joto lazima libaki pale pale usiku kucha, likishuka saa 8 usiku hesabu yako imevurugika. Na ukichelewa sana, mayai yaliyoachiwa tayari yanazeeka ndani ya masaa machache tu, kwenye joto kali upesi zaidi.

## Hatua ya 8: Kamua, rutubisha

Futa jike akauke kabisa, na bakuli likauke. Tone moja la maji kwenye mayai linaziba kile kitundu cha kupitishia manii kabla manii hayajafika. Kandamiza tumbo taratibu kuelekea mkiani. Mayai ya kweli yanatiririka yenyewe kama uji mzito, hayahitaji misuli yako. Ukilazimika kuminya sana, acha, mrudishe kwenye maji, jaribu tena baada ya nusu saa au saa 1. Ikija damu, mwisho hapo.

Pima uzito wa mayai uandike. Gramu 1 ina mayai kama 600 mpaka 700. Jike mzuri wa kilo 1 anatoa gramu 100 mpaka 150, wa msimu mbaya anaweza kuishia nusu yake au chini.

Mimina manii, changanya na unyoya, halafu ongeza maji safi kiasi sawa na mayai na uendelee kuchanganya dakika 1. Fanya haya kivulini, jua la moja kwa moja ni adui. Suuza, tandaza kwenye trei tabaka moja tu. Yakilundikana ya chini yanakosa hewa yanakufa, kisha unasema mayai yalikuwa mabaya.

## Hatua ya 9: Bakuli tatu, ili ujue wa kulaumiwa

Hii naipenda kuliko zote na hakuna anayeifanya. Kabla hujarutubisha mayai yote, chota vijiko vitatu vidogo vya mayai ya jike mmoja, weka bakuli tatu kavu. La kwanza dume A, la pili dume B, la tatu dume C. Tandaza kila moja kwenye kipande chake cha wavu, ndani ya maji yale yale.

Yakifa yote matatu wakati madume walionekana wazima, kosa liko kwa jike, au kwenye maji. Likifa moja tu, ni dume huyo. Na ukitaka kutenganisha jike na maji, chukua kijiko cha nne na ukitotoleshe kwenye maji ya chanzo kingine ya joto lile lile, yakipona huko umeshapata jibu na hujamsingizia samaki.

Bila hiki kitu utakaa miaka unasema "ni msimu" wakati ni klorini ya bomba, au dume mmoja mzee unayempenda.

## Hatua ya 10: Hesabu mara tatu, sio mara moja

Hesabu ya kwanza, masaa 12 baada ya kurutubisha kwenye maji ya 25 hivi. Chagua sehemu 3 za trei, kila sehemu mayai 100. Mazima yanapitisha mwanga na yana rangi yake, yaliyokufa meupe kama unga. Mayai meupe yanaota ukungu na ukungu unahamia kwa wazima, kwa hiyo maji yapite muda wote.

Hesabu ya pili, kuanguliwa. Kwenye nyuzi 22 ni kama masaa 38, nyuzi 25 masaa 27, nyuzi 28 masaa 22. Trei ya baridi usiitupe kwa sababu imechelewa, jamani, nimeona mtu anamwaga mayai mazima ya masaa 30 kwa kuwa mwezi wa joto yaliangua mapema. Wakishaanguka chini toa trei na maganda yake haraka kabla hayajaoza.

Hesabu ya tatu ndo inayosema ukweli wa msimu. Siku ya 3, kifuko cha kiini kinapokwisha na wanaanza kutafuta chakula, hesabu wanaoogelea sawa sawa na waliopinda. Jike aliyejenga mayai yake kwenye baridi na chakula kibovu anaweza kukuangulia asilimia nzuri tu, halafu kiini chenyewe kina upungufu, kifaranga anaanguliwa mwembamba, analala upande, anakufa siku ya 3 mpaka 5 hata ukimpa artemia (vijidudu vya maji ya chumvi vya kulishia vifaranga) ya kumwaga. Ukiona hivyo usibadilishe dawa ya vifaranga, rudi hatua ya 3.

Kwangu mimi trei ikipita 70 kwa 100 kwenye hesabu ya kwanza na waliopinda wakawa wachache wa kuhesabika kwa vidole, nimefaulu. Chini ya 40 hiyo trei naimwaga, ukungu wake unagharimu zaidi ya vifaranga wake.

## Joto kali na mvua nazo zina mambo yake

Joto kali la ukame: maji machache, amonia juu, alfajiri oksijeni chini. Weka kivuli, ongeza kina, lisha asubuhi baada ya jua kupanda kidogo, washa pampu usiku. Panga kazi ya mayai iangukie usiku na alfajiri, na joto la kutotolesha lisipite 30, kwa sababu hapo waliopinda wanaongezeka.

Mvua: majike wanakuwa bora kuliko muda wote na watu wanalewa. Wanamkamua jike yule yule kila mwezi mpaka mvua inaisha amebaki ngozi. Zungusha majike kwa makundi. Pia mvua kubwa ya usiku mmoja inashusha joto la bwawa ghafla, ukiwa umepanga kuchoma siku hiyo ahirisha siku 2 au 3 mpaka maji yatulie, na yale maji ya tope usiyapeleke kwenye trei bila kuyachuja.

## Daftari

Kila jike ukurasa wake. Tarehe, joto la alfajiri la wiki iliyopita, uzito wake, urefu wa mayai 10 kwenye rula, gramu alizotoa, masaa toka sindano, dume gani, hesabu zote tatu. Gawanya gramu za mayai kwa uzito wa jike, hiyo asilimia ndo utakayoilinganisha mwezi kwa mwezi maana majike hawalingani ukubwa.

Baada ya mwaka chora mstari. Utakuta miezi yako mibovu inakuja na inaondoka karibu tarehe zile zile, na utakuta kuna jike mmoja au wawili ambao baridi haiwashtui sana. Hao ndo wa kuwatunza, na watoto wao ndo wa kuwafanya wazazi kesho, mradi utafute madume wa ukoo mwingine.

## Jike akishakamuliwa

Usimrudishe kwa wenzake siku hiyo, watamng'ata. Tangi lake, kivuli, maji ya joto lile lile aliyotoka, chumvi kidogo gramu 3 kwa lita kwa siku 2 kusaidia vidonda na ute uliotoka wakati wa kumshika. Anaweza asile siku ya kwanza, muache. Akianza kula mpe kidogo kidogo, andika tarehe ya leo kwenye ukurasa wake, hesabu wiki 8 mbele uweke alama, na kabla ya hiyo tarehe hata mrija usimguse nao.